Umeshaita auti, mwenzako kaona mguu umetoka kwenye besi: nani aseme?

MstariWaKwanza

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili tukio moja la besiboli ambalo kwenye mechi za shule halikosekani, na kila waamuzi wakikaa linawagawa.

Waamuzi ni wawili tu: mmoja nyuma ya kecha (mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji), mwingine anaangalia besi. Video ya marudio hakuna. Wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya tatu, auti moja (mtu mmoja keshatolewa). Mpira wa chini unakwenda kwa shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), anautoa besi ya pili, auti ya pili, halafu unarushwa haraka besi ya kwanza. Mwamuzi wa besi anaita auti, ndiyo ya tatu. Iningi (zamu ya kupiga) imekwisha, na pointi ya yule aliyetoka besi ya tatu haihesabiwi. Lakini aliye nyuma ya kecha kaona wazi kwamba mlinzi wa besi ya kwanza alijinyoosha kuufuata mpira, mguu ukaachia besi kabla mpira haujatua kwenye glavu. Hakuulizwa, kanyamaza. Kocha wa timu inayopiga anakuja juu.

Maswali yangu: kunyamaza kule ni haki? Aliyeita auti anaruhusiwa kugeuza? Ile kauli ya "wakifika pamoja mpe mkimbiaji" iko kwenye sheria au ni maneno ya mtaani? Na iningi inayofuata mwamuzi akiibeba kidogo timu iliyoumia ili mambo yawe sawa, hilo linakubalika? Najua wapo wanaolitetea.

BambaJeupe

Mkuu, nianze na kunyamaza. Sheria ya 8.02 ya kitabu cha besiboli inasema uamuzi wa kuona kwa macho, yaani sefu (mkimbiaji yuko salama) au auti, straiki au boli (mrusho mzuri au mbaya kwa mpigaji), ndani au nje ya mstari, ndio wa mwisho. Kifungu hichohicho kinamkataza mwamuzi kuukosoa, kuugeuza au kuuingilia uamuzi wa mwenzake mpaka mwenye uamuzi amwombe. Kwa hiyo wa nyuma ya kecha hakuvunja kitu kwa kutopiga kelele. Angepaza sauti "mguu umetoka!" uwanja mzima ungekuwa na majibu mawili, na mechi nzima kocha angechagua mwamuzi wa kumkimbilia.

Ila asijidanganye kwamba kazi imeishia hapo. Mwenye taarifa anapaswa kupatikana. Atoke nyuma ya bamba (besi ya nyumbani), avue barakoa, atembee hatua chache kuelekea katikati, amtazame mwenzake usoni. Waamuzi wengi hukubaliana kabla ya mechi juu ya ishara moja ya kimya, mfano kiganja kifuani, yenye maana moja tu: "nina kitu ambacho huenda hukukiona." Haimaanishi "umekosea." Akiipata, aliyeita anaamua mwenyewe kama ataenda kuuliza.

Kugeuza kunaruhusiwa, lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna uamuzi wa muda: kipi kimetangulia, mpira au mguu. Huo ni wako. Mwenzako aliye mbali zaidi hana cha kukuongezea, na kumuuliza ni kumtwisha mzigo wako. Halafu kuna jambo la tukio: mguu ulikuwa juu ya besi au haukuwa, mpira ulidondoka au haukudondoka, mpira wa juu ulidakwa au ulidunda chini kwanza. Hapo mwenzako anaweza kuwa na kitu ambacho macho yako yalizibwa kukiona. Mguu uliotoka kwenye besi ni wa kundi hili la pili. Kwa hiyo uliza.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Mnakutana wawili peke yenu, kocha anarudi benchi, wachezaji mbali. Swali liwe la tukio: "Mguu umeuona?" Usiulize "Ungeita nini?" Jibu liwe la tukio vilevile: "Uliachia besi kabla ya mpira kuingia," au "Sikuuona." Sekunde ishirini au thelathini zinatosha. Anayetangaza ni yuleyule aliyeita mwanzo, ili ionekane uamuzi una mwenyewe. Na muwahi: kabla ya mrusho unaofuata, na kwa tukio lako hili la kumaliza iningi, kabla walinzi wa ndani hawajatoka uwanjani. Ukiona kuna shaka, nyoosha mkono uwazuie pale walipo.

Mkigeuza, sheria inawapa waamuzi mamlaka ya kufuta madhara ya uamuzi wa mwanzo kwa kuwaweka wakimbiaji pale ambapo wangekuwa. Hapa ni rahisi. Auti ya besi ya pili inabaki, mpigaji anakaa besi ya kwanza, pointi inahesabiwa, auti mbili, mchezo unaendelea. Ugumu unakuja pale uamuzi wa kwanza ulipowasimamisha watu wakati mpira bado uko hai. Ukiita mpira umetoka nje ya mstari kumbe ulikuwa ndani, kila mtu kasimama, na hakuna ajuaye kwa hakika nani angefika wapi. Ndiyo maana wito unaosimamisha mchezo huwa hauharakishwi.

Kaunta_Mkononi

Nakubaliana na mengi ya BambaJeupe, ila ile ishara ya kifuani siipendi. Makocha wanaijua. Wakiiona mara moja, kila tukio tata watakuwa wanamkodolea macho mwamuzi wa bamba kutafuta kiganja, na aliye kwenye besi atashinikizwa kuuliza hata jambo la muda. Iko njia safi zaidi: uliza KABLA ya kuita. Mwamuzi wa besi akiona mrusho umemvuta mlinzi na yeye hana pembe, anamnyooshea mwenzake kidole hapohapo na kuuliza kwa sauti, "Yuko kwenye besi?" Mwenzake anajibu kwa sauti, "Yupo!" au "Katoka!" Ndipo wito unatoka, mara moja. Hakuna cha kugeuza.

Tatizo la msingi kwenye mfano wako ni pembe, na hili nataka tulikalie maana watu wanazungumza maadili kana kwamba yanaanza baada ya wito. Kukiwa na mkimbiaji besi ya kwanza, mwamuzi wa besi anasimama ndani ya uwanja, kati ya kilima cha pitcha (mrushaji) na besi ya pili. Akishaita besi ya pili, anapiga hatua mbili tatu kuelekea ya kwanza na kugeuka. Pale yuko kama mita 15 kutoka besi, na anatazama karibu sambamba na njia ya mpira. Mguu ukisogea kuelekea alipotoka mpira, nafasi kati ya kiatu na besi inakuwa kwenye mstari wa macho yake, haionekani. Mwamuzi wa bamba anatazama kwa kufuata chaki ya kwanza (mstari wa kwenda besi ya kwanza), kwa hiyo nafasi ileile kwake iko ubavuni, wazi kabisa. Mkimbiaji aliyetoka besi ya tatu haletewi mrusho nyumbani, basi mwamuzi wa bamba akishahakikisha huyo kagusa bamba, na mtelezo wa besi ya pili ameuona, macho yake yawe kwenye kiatu cha mlinzi wa besi ya kwanza.

Pasipokuwa na wakimbiaji hali ni nyingine. Unaanza nje ya chaki, kama mita tatu au nne nyuma ya mlinzi wa besi ya kwanza. Mpira wa chini ukipigwa unaingia ndani ya uwanja, unasimama mita 5 hivi kutoka besi, pembe ya mraba na njia ya mrusho. SIMAMA. Ukiwa bado unatembea, picha machoni inatikisika. Utazame mpira mpaka utoke mkononi mwa mrushaji. Ukiridhika kwamba umenyooka, hamisha macho kwenye besi: kiatu cha mlinzi, ukingo wa besi, mguu wa mkimbiaji unaokuja. Mpira unausikia ukipiga glavu. Mrusho ukiwa mbovu, achana na sikio, fuata mpira, sogea uone kama mguu umeachia au kama kuna kumgusa mkimbiaji.

Sikio lina hila yake. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Ukiwa mita 5, mlio wa glavu unachelewa kama sekunde 0.015, na mwanafunzi anayekimbia mita 7 kwa sekunde amesogea sentimita 10. Ukiwa mita 15, amesogea 30. Ukiwa nyuma ya bamba, mita 27 na ushee, anakuwa amesogea zaidi ya nusu mita, na besi yenyewe upande wake ni sentimita 38. (Kwenye ligi kuu ya Marekani tangu 2023 ni karibu 46.) Maana yake aliye mbali akitegemea sikio atawaona wakimbiaji wanawahi wakati hawakuwahi. Hii ndiyo sababu nasema jambo la muda usimuulize mwamuzi wa bamba, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Ukikaribia sana pia unapotea. Mita 2 kutoka besi, glavu na kiatu haviingii pamoja machoni. Unalazimika kupandisha na kushusha kichwa, na tukio linapita katikati.

Wito wenyewe usubiri. Auti inahitaji besi iguswe, mpira ushikwe barabara, na vyote vitangulie mguu wa mkimbiaji. Mlinzi anaweza kuwahi halafu mpira ukamchoropoka. Ukiwa umeshakunja ngumi, hapo ndipo uongo wa kwanza unapokushawishi: kudai alidondosha wakati wa kuuhamishia mkono wa kurushia. Subiri uone mpira umetulia, ndipo mkono upande. Anayepata madhara ya haraka yako ni mtoto aliyekimbia mita 27 kwa nguvu zake zote.

Diamond_KLA

Salaam kutoka Kampala. Niongezee la "wakifika pamoja."

Kitabu cha sheria hakina kauli hiyo. Kinasema mpigaji aliyegeuka mkimbiaji ni auti ikiwa yeye au besi ya kwanza imeguswa kwa mpira KABLA hajaigusa. Neno lenye kazi ni "kabla." Kama umeona mpira umetangulia, auti. Kama hukuona umetangulia, huna msingi wa kumtoa. Ukiisoma hivyo, wanaosema mpe mkimbiaji hawako mbali sana na ukweli, ila wanakosea wanapoifanya sare kuwa jibu la tatu. Mwamuzi hana jibu la tatu. Na yeyote anayeita "sare" mara kwa mara, tazama anaposimama. Huenda hana pembe na anajificha nyuma ya huruma.

Mifano miwili ya ligi kuu ya Marekani inafaa kuitazama kwa makini. Oktoba 26, 1985, mchezo wa sita wa fainali, St. Louis Cardinals wanaongoza Kansas City Royals 1-0 iningi ya tisa na wanahitaji ushindi mmoja tu wachukue kombe. Jorge Orta anapiga mpira wa chini, Jack Clark anautoa kwa pitcha Todd Worrell aliyekuja kufunika besi ya kwanza. Don Denkinger anaita sefu. Picha zilionyesha wazi ni auti. Royals walishinda 2-1, kesho yake wakachukua kombe kwa 11-0, na Denkinger alikuwa nyuma ya bamba siku hiyo. Aliandamwa kwa barua za vitisho. Tazameni aina ya tukio lenyewe: mlinzi anakimbilia besi, mpira uko juu, mguu uko chini, uwanja unapiga kelele. Ni mazingira yaleyale anayoyasema Kaunta, sikio halifanyi kazi na macho yanavutwa na glavu.

Wa pili ni Jim Joyce, Detroit, Juni 2, 2010. Armando Galarraga wa Tigers amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland bila hata mmoja kufika besi. Bado mmoja mchezo uwe kamili. Jason Donald anapiga chini, Miguel Cabrera anamrushia Galarraga kwenye besi ya kwanza, Joyce anaita sefu. Ilikuwa auti, wala haikuwa ya kukaribiana sana. Wakati ule video ilitumika kwa houmurani (mpira unaopigwa nje ya uwanja) tu, tangu 2008, kwa hiyo hakuna kilichoweza kufanyika uwanjani. Joyce alipoiona picha baada ya mchezo alikiri waziwazi kwamba amekosea, akamwomba Galarraga msamaha ana kwa ana. Kamishna Bud Selig hakuugeuza uamuzi. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce orodha ya wapigaji pale kwenye bamba, na Joyce alifuta machozi mbele ya watu.

Ninachotaka wadau mkione: Joyce angeweza kusema hajaona vizuri, au angeweza kupindisha jambo palepale kwa kumwonea mpigaji aliyefuata. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliita alichokiona, alipojua amekosea akasema.

Hilo linajibu swali la "kusawazisha." Maelekezo ya jumla kwa waamuzi yaliyomo kwenye kitabu cha sheria yanakataza waziwazi kujaribu kulipa fidia baada ya kukosea. Na sababu iko wazi. Ile auti ya kwanza ilikuwa kosa, uliita ulichoamini. Boli ya kubeba iningi inayofuata unaita kitu unachojua si kweli. Umetoka kwenye kosa ukaingia kwenye udanganyifu, na anayelipa ni pitcha ambaye hakuhusika hata kidogo na mguu wa mtu wa besi ya kwanza. Hata hesabu yenyewe haitoki: pointi moja yenye auti mbili hailingani na straiki yoyote utakayoificha.

MstariWaKwanza

Nashukuru sana wakuu. Kaunta, hilo la kuuliza kabla ya wito nimelichukua kama lilivyo. Naomba nisukume mbele kidogo. Wapo wanaosema mwamuzi akiwa na shaka amuulize mchezaji mwenyewe: "Mguu ulitoka?" Ni vijana, wafundishwe ukweli. Pili, siku hizi mzazi anakuja na simu, video iko wazi mkononi. Mwamuzi aangalie au asiangalie?

MwalimuWaBenchi

La kumuuliza mchezaji silikubali. Unamweka kijana wa miaka kumi na minne achague kati ya wenzake na ukweli mbele ya uwanja mzima, kwa sababu wewe hukusimama pazuri. Na mara nyingi hajui. Aliyejinyoosha kuudaka mpira alikuwa anautazama mpira, si kiatu chake. Atakujibu anachokiamini, utakigeuza kuwa uamuzi, na kitakuwa si sahihi. Kijana akija mwenyewe akasema "Mwalimu, sikuudaka, ulidunda," mshukuru, itisha mazungumzo na mwenzako, lakini uamuzi ubaki kuwa wenu. Wa kumfundisha kusema hivyo ni kocha, mazoezini.

Nani aje kuuliza ndilo jambo ambalo mashindano yetu ya shule yangefaidika nalo sana. Besiboli ya sekondari Tanzania imelelewa kwa sehemu kubwa na Wajapani, na kwao kwenye mashindano ya sekondari kocha hatoki benchi kubishana. Anayekwenda kwa mwamuzi ni nahodha, mjumbe aliyetumwa au mchezaji mwenyewe wa tukio, na anauliza matumizi ya sheria. Mkiweka utaratibu huo kwenye kikao cha kabla ya mashindano, presha ya kocha kuja juu inapungua, na mwamuzi anapata nafasi ya kuuliza mwenzake kwa sababu ana shaka ya kweli, si kwa sababu kapigiwa kelele. Nafikiri hilo lina uzito kuliko ishara yoyote ya mkono. Mkikutana kila kocha anapofoka, timu yenye kocha mkali ndiyo itakayopata mapitio.

Na kama mwamuzi ni mwalimu wa moja ya shule zinazocheza, hilo lisemwe kabla ya mrusho wa kwanza na manahodha wote wawili waridhie. Kama hakuna mwingine, akae kwenye besi, mwenzake achukue bamba, maana straiki na boli ni maamuzi mengi kupita yote na ndiyo yanayotiliwa shaka haraka.

BambaJeupe

Simu: usiiangalie. Video ya kawaida ya simu ina picha 30 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata mkimbiaji wa mita 7 kwa sekunde amesogea sentimita 23, kwa hiyo tukio la kweli la karibu linaweza kuangukia katikati na usilione. Juu ya hapo mzazi kapiga akiwa pembeni, pembe imepinda, na glavu inaonekana kufunga mapema au kuchelewa kutegemea alipokaa. Zaidi ya yote, ipo video ya upande mmoja tu, na itakuja tu inapoufaa upande huo.

Hata kwenye ligi kuu, ambako tangu 2014 makocha wanaweza kuomba mapitio na picha za kamera nyingi zinatazamwa New York, uamuzi wa uwanjani unageuzwa pale tu ushahidi unapokuwa wazi na wa kuridhisha. Ndiyo maana majibu yao ni matatu: umethibitishwa, umegeuzwa, au unabaki. "Unabaki" maana yake picha hazikutosha kusema lolote, basi aliyekuwepo ndiye anayesikilizwa. Kama wenye vifaa vile wanafika hapo, simu ya jukwaani haina nafasi. Mwambie mzazi kwa heshima kwamba kanuni za mashindano haziruhusu. Kama mnaitaka video, iandikwe kwenye kanuni kabla, kwa timu zote, kwa matukio yaliyotajwa.

Kaunta, la ishara umenishawishi nusu. Mrusho ukivuta mlinzi waziwazi, kuuliza kabla ya wito ndiyo njia bora. Lakini kuna mara ambapo aliye kwenye besi hajui kwamba kuna kitu hakukiona, anaamini ana picha nzima. Huyo hatauliza. Ishara naiacha kwa ajili yake.

Kaunta_Mkononi

Sawa mkuu, kwa hali hiyo naielewa. Basi iwe kitu kisichoonekana kama ishara: barakoa ikivuliwa na kushikwa mkono wa kulia badala ya wa kushoto, inatosha. Na kwenye zile dakika tano za kabla ya mechi mkubaliane manne: mguu kwenye besi, mpira uliodondoka, mpira wa juu uliodunda, na mlinzi anayemgusa mkimbiaji huku akiwa amekupa mgongo kwenye chaki ya kwanza. Hilo la mwisho mwamuzi wa besi karibu haoni kabisa glavu ikigusa au ikikosa, wa bamba analiona uso kwa uso. Nje ya hayo manne, kila mtu abaki na wito wake.